Chumba cha Sauti

Prudence alimvisha Karima écouteurs za kusikilizia juu ya mtandio, akabonyeza kitufe, akarudi kusimama karibu na dirisha. Ndiye aliyelinda jumba hilo dogo la kumbukumbu ya vita vya siku sita vilivyopiganwa mjini humo. Kwa kawaida wageni wake walikuwa wanafunzi waliopita wakichekeana. Leo alikuwepo Karima tu.

Alitoka kumwosha bibi mmoja wa mtaa wa Kabondo. Ndiyo kazi yake: huwaosha wanawake Waislamu wanapofariki, kwa maji yenye kafuri, upande wa kulia kwanza, bila haraka, kama mtu anayemwogesha mtoto mwenye homa. Wafiwa humshukuru sana, kisha husahau kumwita kula. Wengine huogopa mikono yake. Amezoea.

Katika rekodi za ushuhuda alimsikiliza mama mmoja akilia, halafu mzee akieleza jinsi majeshi mawili ya kigeni yalivyopigania mji usio wao. Kisha ikaja sauti ya mwanaume, nzito, yenye mikwaruzo.

"Bombe ilianguka juu ya nyumba yetu. Mama alikuwa ndani, na dada yangu Karima. Miye nilikimbia na batu kwa mutumbwi mpaka Yanonge. Sikurudi. Hata kuwaosha, sikuwaosha. Ile ndiyo inaniuma."

"Rudisha," Karima alisema.

Prudence akarudisha. Safari hii Karima alishika ukingo wa meza.

"Huyu mutu iko wapi?"

"Papa Mahmoudi? Anaishi Bumba, kule chini ya mto. Alipita hapa mwaka jana, akakaa kwenye hiki kiti. Alikuwa anaharakia bateau ya kurudi kwake. Mama, unamujua?"

"Nilikuwa nimeenda kuchota maji. Nilirudi nikakuta moshi. Mama nilimuosha miye mwenyewe. Yeye nilimutafuta kati ya wafu. Kila maiti nilifunua uso, nikiona si yeye, kama ni mwanamuke, naosha. Ndiyo vile nilianza hii kazi."

Prudence aliweka mkono mdomoni.

"Alipita Kabondo, kwetu?" Karima aliuliza.

"Hapana, mama. Alisema hana tena mutu wa kutembelea."

Kisha Prudence akatafuta namba katika simu yake, akapiga, akampa. Karima aliisogeza sikioni kama kitu cha moto.

"Allô?" Sauti ya mtoto wa kike.

"Papa Mahmoudi iko?"

"Iko inje. Ni nani?"

Karima hakulitaja jina lake.

"Umuite tu," alisema. "Umuambie ni mutu wa nyumbani."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Karima akausikiliza uwanja asioujua: kuku, redio ya jirani, mtu akitwanga majani ya pondu. Mtoto aliita mara ya kwanza, kisha kwa nguvu zaidi. Mchi ukanyamaza. Halafu kandambili zikaanza kuja, taratibu, zikiburuzika kidogo. Karibu na simu zikasimama.