Kibaba Kitupu Kinasoma Sifuri

Kwenye wodi ya wazazi walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alikuwa fundi wa programu za kompyuta hospitalini, na jina hilo alilipata wiki ile alipopita kitanda hadi kitanda akiwaonyesha wakunga jinsi ya kujaza fomu kwenye tableti badala ya makaratasi. Wakunga wakongwe walimtania kwamba mashine yake haina hata pembeni pa kuandika namba ya simu ya shemeji. Alicheka nao, akawafundisha, akarudi kesho yake kuwafundisha yale yale.

Alichowajengea kilikuwa ubao: skrini kubwa ukutani mbele ya meza yao, kila kitanda na mraba wake. Mama aliyejifungua akipoteza damu nyingi, mraba wake huwa mwekundu. Ikiwa ya wastani, njano. Ikiwa kidogo, kijani. Na kama bado hajapimwa, mraba hubaki wa kijivu. Kijivu ndiyo rangi waliyoichukia kuliko zote, maana ilikuwa kama mtu anayekukodolea macho mpaka umalize kazi yako.

Ubao huo hakuuandika wote kwa mkono wake. Hakuna fundi afanyaye hivyo. Kazi ya kugeuza maandishi ya kwenye kisanduku yawe namba ilifanywa na Kibaba. Kibaba ilikuwa maktaba ndogo katika lugha ya programu ya JavaScript, yaani fungu la msimbo ambalo mtu aliliandika, akaliweka wazi mtandaoni, na kila aliyelitaka akalichukua bure. Aliyeiandika alijiita Kobe, na hakuna aliyejua anaishi wapi. Maelfu ya watu walikuwa wakiitumia Kibaba, wengine bila hata kujua.

Jumanne moja asubuhi kompyuta ilimwonya Mwalimu kwamba toleo lake la Kibaba lina upenyo ambao wezi wa mtandaoni wanaweza kuutumia. Akaweka toleo jipya. Akaendesha majaribio yake yote, mia moja na kumi na manne, na yote yakapita. Akaenda kunywa chai.

Siku tatu baadaye, saa tano kasoro robo asubuhi, mama wa kitanda namba sita alijifungua mtoto wa kike. Mkunga wa zamu alikuwa Bibi Kalamu, mwanamke wa miaka thelathini na moja kazini, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa haachi jambo bila kuliandika. Alijaza mapigo ya moyo, akajaza presha. Kisanduku cha damu iliyopotea alikiacha kitupu kwa kuwa vitambaa vilivyofyonza damu vilikuwa havijapimwa kwenye mizani. Akahifadhi fomu. Papo hapo akaitwa kitanda namba mbili, ambako kamba ya kitovu ilikuwa imemtangulia mtoto. Jambo kama hilo halisubiri mtu apime vitambaa. Alikimbia.

Muuguzi aliyebaki mezani aliutazama ubao mara mbili katika saa ile. Namba sita ilikuwa kijani. Mama amejifunika, amefumba macho, na muuguzi akadhani usingizi umempitia, kama unavyowapitia wengi baada ya shughuli ile. Bibi Kalamu aliporudi ndiye aliyefunua shuka. Damu ilikuwa imepenya godoro na kufika sakafuni, upande wa ukutani ambako mtu wa mezani haoni. Wakamsukuma mbio kwenda chumba cha upasuaji. Alikata roho wakiwa bado kwenye korido.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Jumatatu. Muuguzi mkuu alimwekea Bibi Kalamu karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo. Damu iliyopotea: 0.

"Uliandika sifuri," alisema.

"Sikuandika kitu. Niliacha wazi."

"Karatasi inasema sifuri. Saa na dakika hizi hapa, na jina lako hili hapa."

"Nimeiona. Nasema sikuandika."

"Mama anavuja damu, wewe unajaza sifuri. Hiyo si kusahau, dada yangu. Hiyo ni kughushi."

Akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa.

Mwalimu alizipata habari hizo kwa mfagizi wa korido. Alirudi ofisini kwake, akafungua fomu ya majaribio, akajaza mapigo, akajaza presha, akaacha kisanduku cha damu kitupu, akahifadhi. Kisha akatazama ubao. Mraba ulikuwa kijani, na ndani yake palikuwa na sifuri.

Akarudia. Sifuri. Akarudisha toleo la zamani la Kibaba, akajaribu tena: kijivu. Hapo akakumbuka kwamba tangu Jumanne ile wakunga walikuwa wakimsifu, wanasema ubao siku hizi umetulia, hausumbui watu. Aliinama akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, akabaki hivyo mpaka simu ilipolia.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuurekebisha ubao. Akaenda kwa mkuu wa kitengo chao, mtu mpole aliyependa mambo yaishe mapema, akamweleza kila kitu.

"Umerekebisha?" mkuu aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi yamekwisha. Kamati wana kazi yao, na sisi tuna yetu."

"Bibi Kalamu wanamwita mwongo."

"Na toleo jipya aliliweka nani?" Aliuliza kwa sauti ya chini, bila ukali. Jibu alilijua. "Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, mwanangu. Ukiumwaga, hutaweza kuuokota."

Mwalimu akanyamaza hospitalini. Lakini alishindwa kunyamaza kabisa, na jioni hiyo akafungua ukurasa wa Kibaba, mahali pa kuripotia hitilafu, akaandika: Kibaba kitupu kinasoma sifuri. Akaeleza kwamba toleo jipya linageuza kisanduku ambacho hakikujazwa kuwa namba sifuri, ilhali la zamani lilikiacha kitupu. Hospitali hakuitaja, wala mama yule.

Kobe alimjibu baada ya saa moja. "Si hitilafu. Ni uamuzi, na umeandikwa kwenye orodha ya mabadiliko, mstari wa arobaini na moja. Nafunga ripoti hii."

Akausoma mstari wa arobaini na moja. Ulikuwepo kweli, maneno sita. Hakuwa ameusoma.

Watu wakaanza kuchangia chini yake. Mmoja, mwenye duka la mtandaoni, alisema kwake kisanduku kitupu cha punguzo maana yake ni sifuri, na wakibadilisha watamharibia duka zima. Mwingine akasema asiyesoma maelezo asimlaumu aliyeyaandika. Wa tatu aliweka kikaragosi cha mtu anayepiga miayo.

Mwalimu akaandika: "Sifuri ni jibu. Mtu ambaye hajajibu, hajajibu. Kibaba inamjibia."

"Hiyo ni falsafa," Kobe alirudisha. "Kazi hii naifanya peke yangu, bila malipo, baada ya kazi yangu nyingine. Nina ripoti mia mbili na zaidi zinasubiri. Niletee mfano halisi wa mtu aliyeumizwa na jambo hili, nitaangalia."

Mfano halisi alikuwa nao, na kwa siku tano alikwenda nao kazini na kurudi nao. Mume wake alikuwa fundi wa malori. Jumamosi mchana alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akijisugua grisi kwa unga wa sabuni, naye Mwalimu akakaa karibu akamwambia yote, hata mstari wa arobaini na moja.

Mume alisugua kucha moja muda mrefu.

"Lori likiua mtu," alisema, "anayeulizwa kwanza ni dereva. Halafu anaulizwa fundi wa breki. Wewe ndiye fundi wa breki, mke wangu. Siwezi kukudanganya."

"Breki nilizipata kwa mtu mwingine."

"Hata mimi breki sizitengenezi. Nazifunga."

Mwalimu alitaka mumewe amwambie kwamba hana kosa. Hakumwambia. Akamletea maji ya kunywa, akakaa naye, na baada ya kitambo Mwalimu akaenda kuvaa viatu.

Bibi Kalamu alikaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili alimokuwa akiishi na binti wa dada yake. Alimfungulia Mwalimu akiwa amevaa gauni la nyumbani, nywele hazijachanwa. Sebuleni televisheni ilikuwa inawaka bila sauti.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nilitaka kukuuliza kitu, wewe unayeijua mashine ile. Mtu anaweza kuandika sifuri bila kujijua?"

"Bibi..."

"Ngoja. Mwanzoni nilikuwa na hakika. Sasa nimekaa hapa siku tano, na nimeanza kukiona kidole changu kabisa. Nakiona kinagusa sifuri. Labda nilikuwa na haraka. Labda niliiandika kweli, na yule mama nikamuua mimi."

"Hukuiandika," Mwalimu alisema. "Iliandikwa na mashine. Uliacha kitupu, mashine ikaweka sifuri, kwa sababu nilibadilisha kitu Jumanne ile na sikukikagua."

Bibi Kalamu aliketi polepole kwenye mkono wa kochi.

"Umelijua lini?"

"Jumatatu. Siku ile ile ulipoitwa."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi Kalamu alichukua rimoti akazima televisheni, kisha akaigeuza geuza mkononi kana kwamba ameletewa kitu asichokijua matumizi yake.

"Siku tano," alisema. "Siku tano umeniacha nijiue kwa mawazo humu ndani."

"Nisamehe."

"Sina samahani leo. Usije kwangu kuomba. Nenda kaseme kule niliposimamishwa mimi."

Jumapili asubuhi Mwalimu aliufungua tena ukurasa wa Kibaba, akaandika mfano halisi. Jina la hospitali hakulitaja, wala la mama. Aliandika kwamba kisanduku kilikuwa cha damu iliyopotea, kwamba mraba ulikuwa kijani, kwamba kupimwa kulichelewa saa nzima, na kwamba mtu amekufa na mwingine anaitwa mwongo. Akamalizia: "Toleo niliweka mimi, na majaribio ya kisanduku kitupu sikuyaandika. Simsukumii mtu lawama. Mmeomba mfano, mfano ni huu."

Siku mbili hakuna aliyeandika neno. Mwenye duka alifuta maoni yake. Siku ya tatu Kobe akaifungua upya ripoti.

"Jambo hili nililibadilisha kwa dakika kumi," aliandika, "kwa sababu mtu mmoja alilalamika na nilitaka aache kulalamika. Sikumuuliza yeyote. Sikuwahi kufikiri kwamba Kibaba iko hospitalini. Ningejuaje? Lakini ningeweza kuuliza. Marekebisho yametoka sasa hivi." Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari mitatu.

Mwalimu aliyachapa mabishano yote, kurasa kumi na moja, akayapeleka kwenye kamati pamoja na kumbukumbu za siku aliyoweka toleo jipya. Mkuu wa kitengo alikutana naye mlangoni, akaziona karatasi, akapisha njia.

Ndani alihojiwa saa mbili. Alipotoka, kwenye benchi la korido alikuwepo mwanamke mzito wa makamo mwenye mtoto mchanga begani. Alikuwa mama wa marehemu. Alikuwa ameitwa kutoa maelezo ya familia.

"Wewe ndiye uliyekuja kusema habari za mashine?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wamenieleza, sikuwaelewa. Nieleze wewe."

Mwalimu alichuchumaa mbele yake akamweleza kwa maneno mepesi: kwamba palikuwa na mahali pa kuandika damu, kwamba hapakuandikwa kitu, kwamba mashine ilipaswa kusema haijui.

"Ikasema nini?"

"Ikasema hatoki damu."

"Na nani aliiambia iseme hivyo?"

Angeweza kumtaja Kobe. Angeweza kusema maktaba, toleo, mstari wa arobaini na moja. "Mimi ndiye niliyeiweka hapo," alisema.

Mwanamke alimtazama bila chuki, kama mtu aliyechoka sana anavyotazama saa ya ukutani. Mtoto alianza kulia. Akasimama, akampigapiga mgongoni, akatembea naye kuelekea dirishani, na hakurudi kwenye benchi mpaka Mwalimu alipoondoka.

Kamati ilifuta shitaka la kughushi. Lakini iliandika kwamba Bibi Kalamu alimwacha mzazi bila uangalizi, ikampeleka stoo ya vifaa. Alifanya kazi huko wiki moja, akahesabu glavu, akaandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu naye aliachishwa mwisho wa mwezi. Mkuu wa kitengo alimpa mkono na kumtakia heri, na inawezekana alimaanisha.

Mwalimu alipiga simu ya Bibi Kalamu mara nyingi. Mara moja binti wa dada yake alipokea, akasema bibi yupo lakini hataki kuongea, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba siku hizi anakula.

Kobe aliandika kwenye ukurasa kwamba anaiacha Kibaba na anatafuta wa kuichukua. Hakutoa sababu, na hakuna aliyemuuliza. Waliojitokeza walikuwa wawili, mmoja wao Mwalimu, na baada ya majuma machache yule wa pili akapotea. Sasa asubuhi, mume akishaondoka na sanduku lake la spana, yeye hukaa kwenye meza ya jikoni akisoma zile ripoti mia mbili na kitu, moja moja, na kila anayotaka kuifunga humwandikia kwanza mwenyewe kumuuliza anaitumia Kibaba kwa kazi gani. Wengi humjibu kwa mkato. Wengine humwona msumbufu.

Chini ya ripoti yake mwenyewe, siku moja baada ya marekebisho kutoka, mtu asiye na picha alikuwa ameandika: "Nasi tuliweka toleo lile lilipotoka tu, wiki saba zilizopita. Ni kituo cha kusafishia damu wagonjwa wa figo. Tunakagua kumbukumbu zetu." Mwalimu amemwandikia mara tatu kumuuliza walichokikuta. Hajajibiwa.