Ukurasa wa Kumi na Nne

Ndambiri alikuwa amechoka kusalimiwa na naibu wa chifu kwa maneno yake mwenyewe. Asubuhi huandika kwenye kikundi cha simu cha kamati ya ardhi anayoiongoza hapa Kiambere, kwamba watu wasikubali kupimiwa mashamba kabla orodha ya wenye mashamba haijabandikwa. Saa sita naibu husimama kwenye kibanda cha Ndambiri cha kutengeneza redio na kumuuliza, "Kwa hivyo hatupimiwi, Mwenyekiti?" Kikundi kilikuwa na watu mia mbili na kumi. Shemeji wa naibu alikuwemo, na mtu mmoja aliyejiita Baraka ambaye hakuna aliyemjua.

Sasa kulikuwa na Makandi. Huyu alikuwa Mmeru, karani wa ofisi ya ardhi, amepanga nyumba mtaa wa Dallas, Embu mjini, pamoja na wanawe wawili. Ile orodha waliyonyimwa wenyeji alikuwa ameiona kwa macho: mashamba ya ng'ambo ya korongo yameandikiwa watu ambao hawajawahi kukanyaga huku Mbeere. Alikubali kutuma picha ya orodha hiyo kwa sharti moja tu, jina lake lisionekane popote. Likionekana, kazi imekwenda.

Ndambiri akaenda mjini kwa Wawira, mpwa wake anayeuza simu, kumwomba programu isiyovuja.

"Mjomba," Wawira akamwambia, "hata kwenye hiyo yenu barua imefungwa vizuri. Ni wewe umeita watu mia mbili waje kuisoma."

Wakapima programu moja moja. Ya kwanza ilitaka majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Akaikataa kabla Wawira hajamaliza kusoma. Ya pili haikutaka hata namba ya simu, ila ukipoteza maneno yake ya siri umejifungia nje, na Mzee Gachoki wa kamati alikuwa amesahau namba ya siri ya simu mara tatu tangu Krismasi. Ya tatu ilificha namba, ikakubali majina ya kupanga, na ujumbe ukajifuta baada ya siku moja. Akaichukua hiyo. Akaingiza watu saba wa kamati na Makandi wa nane. Yeye akajiita Ndengu, Gachoki akawa Mtama, Makandi akawa Kunde.

Jumanne wakakutana humo. Ngari, katibu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeandika wa kwanza: kabla ya yote, tujitambulishe. Wakajitambulisha kama mkutano wowote, jina, kanisa na mtu anakotoka. Hata Makandi, aliyelelewa vizuri na akina mama wa kanisa kule Meru, aliandika Bwana asifiwe, akataja jina na ofisi yake. Ndambiri aliona hatari, kisha akajituliza: kesho saa hizi yote yamefutika. Picha ya orodha ikaja, akainakili kwa mkono. Jumatano kikundi kilikuwa kitupu.

Jumamosi walikusanyika darasani, wanakijiji wote. Naibu wa chifu akaja bila kualikwa, akakaa dawati la nyuma. Baada ya maombi Ngari akasimama na kitabu chake kikubwa cheusi.

"Kumbukumbu za mkutano uliofanyika kwa simu siku ya Jumanne," akasoma. "Waliohudhuria ni kama wafuatao."

Ndambiri akaelewa. Ngari alikuwa amenakili kila ujumbe kabla haujafutika. Na nani alimfundisha kama si Ndambiri mwenyewe? Baba yake Ndambiri alihamishwa maji ya bwawa yalipopanda, akaahidiwa shamba jingine kwa mdomo. Mwana alipokwenda kulidai, aliulizwa kumbukumbu za kikao ziko wapi. Hazikuwako. Miaka thelathini amewapigia watu kelele: andikeni kila neno, andikeni kila jina.

Ngari alikuwa amefika jina la tano; la Makandi lilikuwa la nane.

Ndambiri akamnyang'anya kitabu, akauchana ukurasa, akatoka hadi mlangoni kwenye mafiga ya chai na kuusukuma chini ya sufuria. Alisimama pale mpaka ukawa majivu.

"Leo Mwenyekiti anachoma maandishi," naibu akasema, na wachache wakacheka.

Ngari hakucheka. "Kitabu kilichochanwa kina kasoro, Mwenyekiti. Nitaandika."

"Andika, Mwalimu."

Akaandika huku akisoma: ukurasa wa kumi na nne umechomwa na mwenyekiti, sababu haikutolewa. Ndambiri akatia sahihi. Kisha akatoa karatasi mfukoni na kuisoma orodha, shamba kwa shamba, jina kwa jina. Kufikia la kumi, naibu alikuwa amesimama.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Ndambiri hakumtazama. Alimgeukia Ngari, ambaye kalamu yake ilikuwa bado mkononi.

"Katibu, andika. Orodha imeletwa na Ndambiri. Aliyempa Ndambiri hakutajwa."

Ngari akaandika hivyo hivyo.