Mlingotini Hakuna Mtu

Gavin Mallinder alitupata kwa pai. Sisemi alitununua, maana kununua ni neno kubwa mno kwa mtu aliyelipa paundi moja kwa klabu nzima. Jumamosi yake ya kwanza alikuja kwenye kibanda changu nyuma ya goli, amevaa skafu yetu ya kahawia na njano, akaagiza pai ya nyama na chai, akala amesimama kwenye mvua kama sisi, mchuzi unamchuruzika kidevuni. Basi, uwanja mzima ukalainika. Watu wazima wenye wajukuu walisukumana wapige naye picha.

"Huyu ni mwenzetu," akasema Len Postle, mwenyekiti wa kamati ya mashabiki, machozi yakimlengalenga. "Umeona anavyokula, Norma? Hata uma hakuomba."

"Mbwa wangu naye haombi uma," nikamwambia. "Mbona hatujampa timu?"

Hakunisikia. Mji wetu wa Aldersyke ulibaki na vitu vitatu: viwanda vya ngozi vilivyofungwa, kanisa linalovuja, na timu ya mpira, na timu ndiyo iliyokuwa bado na uwezo wa kututoa machozi. Mwenye klabu wa zamani, Bwana Crabtree, muuza mazulia, alikuwa bahili wa kupindukia. Kipindi cha pili kikianza alikwenda mwenyewe kuzima taa za vyoo. Lakini mishahara ilitoka, na kila msimu tulimaliza katikati ya daraja la nne, hatupandi, hatushuki. Kwa kosa hilo tu mashabiki walimwimbia "Toka Crabtree, toka!" miaka nenda miaka rudi, mpaka mzee wa watu akachoka, akamkabidhi klabu mtu wa kwanza aliyejitokeza na skafu shingoni. Siku hiyo pai yangu ilikuwa ghali kuliko klabu.

Sasa niseme habari ya Alf, maana bila yeye hamtaelewa hasira zangu.

Alf ni mume wangu, na yuko uwanjani, chini ya nyasi, kwenye mlingoti wa kushoto wa goli lililo mbele ya kibanda changu. Kwetu shabiki akifa, akishachomwa, familia huleta majivu yake pale Tannery Lane kabla msimu haujaanza. Mtunza uwanja anainua kipande cha nyasi, mchungaji anasema maneno mawili matatu, tunasimama kimya dakika moja, nyasi zinarudishwa, tunakwenda kunywa. Mahali pa kumweka mtu hutegemea alichokuwa akipigia kelele. Alf alisimama nyuma ya goli lile maisha yake yote, na kila wapinzani walipopata kona alipaza sauti ileile: "Mlingotini hakuna mtu!" Na kweli hapakuwa na mtu, na kweli tulifungwa. Alipokuwa hospitalini, sauti imekwisha, alinivuta karibu akaninong'oneza: "Niwekeni mlingotini. Labda sasa watasikia." Nilicheka mbele yake, kisha nikatoka nje ya wodi nikalia mpaka nesi akaniletea kiti.

Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla sijawasha jiko, nilikwenda kumsalimia Alf na kumpa habari za majeruhi. Nilichokitaka duniani kilikuwa kidogo tu: asisumbuliwe, na siku yangu ikifika niwekwe karibu naye.

Gavin alikuwa anauza mabafu ya mapovu, yale ya kukaa nje na wageni huku mnakunywa. Alileta moja akaliweka karibu na kibendera cha kona, kwa ajili ya matajiri wenzake. Akasajili washambuliaji ambao zamani tuliwaona kwenye televisheni, akawalipa mishahara ya kwenye televisheni. Nusu msimu tulikuwa juu ya kila mtu, nami nilifurahi, nisiwe mnafiki. Nilimwambia Alf, "Mume wangu, tunaongoza ligi," na nadhani hakuniamini.

Halafu mishahara ikachelewa, halafu ikakoma. Mshambuliaji wetu hodari alisubiri, alipochoka aliondoka na mashine ya klabu ya kufulia nguo, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumzuia. Wachezaji waliobaki wakawa wanaenda na jezi nyumbani kwa mama zao. Jioni moja, tunaongoza bao moja, umeme ukakatwa katikati ya mechi kwa sababu bili haikulipwa, na mwamuzi akatutuma nyumbani. Gavin alikuwa ndani ya bafu lake. Yeye ndiye aliyeona maji yanapoa kabla ya kuona uwanja una giza.

Ndipo tukasikia ameuza uwanja. Amemuuzia nani? Kampuni nyingine, nayo ni yake mwenyewe. Aliuza kwa mkono wa kulia akanunua kwa mkono wa kushoto, na sasa mkono wa kushoto ulikuwa unatafuta wajenzi wa nyumba. Akatuitisha mkutano kwenye baa ya klabu, akabandika ukutani picha ya uwanja mpya utakaojengwa nje ya mji, karibu na barabara kuu. Kwenye picha kulikuwa na jua. Hapo tu ungejua ni uongo.

"Na walio chini ya nyasi?" nikauliza.

"Samahani, mama, wepi hao?"

"Mume wangu yuko mlingotini."

Akamtazama Len, akanitazama mimi. "Mlingotini anafanya nini?"

"Analinda. Ni kazi iliyowashinda uliowasajili."

Baa nzima ikapasuka kwa kicheko, na yeye akacheka nasi, maana alikuwa mtu wa kucheka na watu. Kisha akaweka mkono kifuani. "Wote tutawahamisha, kwa heshima zote."

"Kwa chombo gani? Kijiko cha chai?"

"Bi Norma, tuambiane ukweli kama watu wazima. Ni majivu tu. Alf hatajua tofauti."

Alilijua jina la Alf kwa sababu nilimwambia mimi mwenyewe, ile Jumamosi ya pai, nikimwonyesha kwa kidole mahali alipo. Alikuwa ameitikia kwa kichwa huku akitafuna. Nikavaa koti nikatoka, kwa sababu kama ningebaki ningemtia birika la chai usoni. Len alinifuata nje. Kwa mara ya kwanza tangu Gavin aje, macho yake yalikuwa yamefunguka.

"Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, Norma," akasema.

"Gunia lilikuwa wazi, Len. Mlikuwa mnaliimbia."

Wajenzi walipanga kuja Alhamisi kuuona uwanja na kupima udongo. Habari hizo tulipewa na dereva wa mashine ya kuchimba, Craig Sugden, kijana wa hapahapa, ambaye baada ya chupa mbili hana siri. Gavin alitegemea aukute uwanja mtupu. Akatukuta sisi, kiasi cha watu mia mbili, tumevaa tai nyeusi na skafu za kahawia na njano, tumesimama kuzunguka goli. Len alikuwa na filimbi mdomoni.

Lazima ujue kitu kimoja kuhusu sisi. Uwanjani kwetu unaruhusiwa kumtukana mwamuzi, mama yake mwamuzi na mbwa wa mwamuzi. Lakini dakika ya ukimya haivunjwi na mtu yeyote, awe wa nyumbani au mgeni, awe mlevi. Kuna mzee mmoja alikohoa ndani ya dakika ya ukimya tukiwa bado vijana, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa wa yule Mkohozi.

Wajenzi waliokuja na Gavin walikuwa watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili, wote wamevaa kofia ngumu za njano. Gavin akatufanya kama hatupo, akanyoosha mkono.

"Kama mnavyoona, eneo ni tambarare kabisa, na kwa upande wa maji—"

Len akapuliza filimbi. "Dakika moja ya ukimya, kwa ajili ya Alf Greaves!"

Vichwa vikainama. Craig akazima mashine, akavua kofia. Wale watatu wakatazamana, wakavua zao. Gavin alibaki mkono hewani, mdomo wazi, akaufunga polepole. Filimbi ikalia tena.

"Asanteni," akasema Gavin. "Inagusa moyo. Sasa, kwa upande wa maji—"

"Ivy Sugden!" akaita Craig kutoka kwenye mashine yake. Ni bibi yake, yuko kwenye duara la katikati, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kupenda kuwa katikati ya mambo. Filimbi. Vichwa chini.

Baada ya hapo kila mtu alimwita wake. Baba, shangazi, jirani, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akitoroka shule kabla yetu siku za mechi. Kila Gavin alipovuta pumzi, jina lilitoka upande mwingine na filimbi ikalia. Katikati ya dakika ya mtu mmoja simu yake ikaanza kuimba mfukoni, wimbo wa disko, na kabla sisi hatujafumbua mdomo yule mwanamke wa kofia akamgeukia akasema, "Shhh! Huna adabu?" Gavin akaikaba simu kwa mikono miwili kama anachinja kuku. Sijawahi kuona mtu mwenye domo akiteseka vile, na niliona raha, tena raha kubwa.

Hatimaye yule mwanamke akanisogelea, akaninong'oneza: "Mama, kwani humu wamo wangapi?"

"Mpaka sasa?"

Akaikumbatia kofia yake. "Kuna wengine wanakuja?"

"Mpenzi wangu," nikamwambia, "sote tutakufa."

Akautazama uwanja kutoka goli hadi goli. Nadhani alikuwa anaona nyumba zake, na wateja wake wakichimba bustani ya maua. Akarudi kwenye gari akipita pembeni kabisa, na pale alipolazimika kukanyaga nyasi alisema "samahani" kwa sauti. Hawakurudi tena.

Usidhani tulishinda. Gavin aliingia mitini wiki ileile, simu haipatikani, bafu limeachwa na maji ya kijani. Ligi ikatufukuza kwa sababu ya madeni, na klabu iliyoanzishwa na wachuna ngozi kabla babu zetu hawajazaliwa ikafa Jumanne mchana, kwa tangazo fupi lililokosea jina la mji wetu. Wanaume walikaa kwenye ngazi za uwanja wakilia waziwazi. Mimi nilikwenda kumwambia Alf, nikashindwa, nikamwambia tu kwamba mvua inanyesha.

Mahakama ikayafuta yale mauzo ya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ikaleta mfilisi auze kilichobaki, na kilichobaki ni uwanja. Alihangaika nao kweli. Kila aliyeuliza bei, swali la pili lilikuwa ni kweli kuna watu chini, na swali la tatu halikuwepo. Mwishowe mfilisi, amechoka, akawauzia mashabiki wa kamati ya Len kwa paundi moja. Alf, ambaye maishani mwake aliona haya hata kupunguziwa bei ya viazi sokoni, alikuwa amewaangushia bei ya uwanja mzima.

Tukaunda timu mpya, tukaanza chini kabisa, kwenye ligi ambayo wachezaji huleta chakula chao. Kipa wetu ni fundi bomba. Len alichaguliwa mwenyekiti wa klabu, na asubuhi ya mechi ya kwanza walimbeba mabegani kutoka baa mpaka uwanjani, wakiimba jina lake. Gavin naye nimemwona juzi kwenye televisheni, mji mwingine, skafu ya rangi nyingine, anakula pai kwenye mvua. Bila uma. Watu wanasukumana wapige naye picha.

Kipindi cha kwanza cha mechi ile wageni walipata kona, wakapiga kichwa, fundi bomba hayupo golini, na mpira ukagonga mlingoti wa kushoto ukatoka nje. Uwanja mzima ukalipuka, "Alf! Alf! Alf!" Nilishika meza ya kibanda kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia ndiye huyo waliyekuwa wanamwimba.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Kona, kichwa, mlingotini hakuna mtu, bao. Kona nyingine, vilevile, bao la pili.  Kisha nyuma kabisa sauti moja ikaanzisha, wenzake wakadakia, kwa mdundo uleule wa miaka yote: "Toka Len, toka! Bahili, toka!" Mwenyekiti hajamaliza hata mechi moja.

Len akaja kibandani, uso mweupe kama unga.

"Umewasikia, Norma?"

"Nimewasikia. Wana pumzi."

"Asubuhi hii hii walinibeba mabegani."

"Kunywa chai, mpenzi wangu, inapoa."

Hakuinywa. Alikuwa anatazama goli la mbali, ambako fundi bomba alikuwa anautoa mpira wavuni, na wimbo ulikuwa umeshafika mpaka jukwaa la watoto.

"Mlingoti ule hauna mtu," akasema.

"Hauna."

Akafuta pua kwa ncha ya skafu. "Nikifa niwekeni pale, Norma. Na uwaambie siku hiyo waimbe kitu kingine."

Nikamwahidi la kwanza. La pili sikuweza.