Kitambaa cha Kumi na Moja

Waliompasua Eunike walimshona kitambaa kikiwa bado tumboni. Ni kile kitambaa cheupe cha kufyonza damu. Ukikikunjua kinatosha kufunika sinia. Mtoto alitoka salama, siku ya nne mama akarudishwa nyumbani Machame, na hakuna aliyejua.

Mama mkwe wake, Magdalena, alimpokea kama inavyopaswa. Miezi mitatu mzazi hashiki jembe wala ndoo. Kazi yake ni kula: mtori wa ndizi asubuhi, maziwa mchana, jioni mlaso, ile damu ya ng'ombe inayokorogwa na maziwa na mafuta. Magdalena alikuwa ameshalea wazazi watano namna hiyo na wote walitoka ndani wananawiri. Kwa hiyo tumbo la Eunike lilipoanza kujaa, alifurahi. Wanawake wa kanisani wakija na vibuyu vya maziwa, aliwaonyesha.

"Huyu umemlea," walisema. "Mumewe Basili mfungie nje, asije akamrudia mapema."

"Mama, upande huu unauma," Eunike alisema.

"Ni nguvu inakaa. Kula."

Hilo ndilo lililokuwa kosa la Magdalena, na hakuwahi kulikana.

Mwezi wa nne homa zikaanza. Eunike akawa anatapika kila kinachoingia. Mikono ilikonda, miguu ilikonda, tumbo likabaki pale pale. Mumewe, Basili, akamrudisha hospitali ile ile aliyojifungulia. Daktari Elisaria, aliyempasua, alimbonyeza mara mbili akauliza amekuwa akila nini.

"Mlaso? Miezi mitatu? Basi mama yako ndiye aliyemharibu tumbo."

Basili alirudi nyumbani, akachukua chungu cha mama yake akakitupa mgombani. Tangu siku hiyo Magdalena akakatazwa kupika na kuingia chumba cha mkwewe. Kanisani, wanawake wale wale waliosifu tumbo walikuwa wakimwona anakuja, wanasogea mwisho wa benchi. Yeye alikaa, akaimba, akarudi nyumbani. Lakini kila siku alimsikia Eunike akilia upande wa pili wa ukuta, sauti ikipungua.

Mwezi wa saba, asubuhi moja Basili akiwa amepeleka maziwa kwenye kituo, Magdalena aliingia na beseni la maji ya moto.

"Mama, Basili akikukuta?"

"Atanifukuza kwenye nyumba niliyoijenga mimi? Lala."

Akamkanda. Mkono ule ulikuwa umekanda matumbo mengi. Ulijua hewa, ulijua mimba, ulijua bandama iliyovimba. Chini ya mbavu za kushoto ukakuta kitu kama kiazi kikubwa. Ukikisukuma kinasogea, ukikiachia kinarudi.

"Hiki si chakula," alisema. "Chakula huingia kikatoka. Hiki kimewekwa na mtu."

Hakumsubiri mwanawe. Alikodi gari la jirani, wakateremka Moshi mjini hadi kwa Daktari Jasmeet, binti wa Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa na mashine ya eksirei.

"Shikamoo mama," Jasmeet alisema.

"Marahaba. Mpige picha ya tumbo. Na usiniulize amekula nini."

Jasmeet alicheka. Picha ilipotoka hakucheka tena. Upande wa kushoto wa tumbo kulikuwa na mstari mweupe umejikunja kama mnyoo.

"Mama, vitambaa vya upasuaji hutiwa uzi huu makusudi, kikipotea kionekane. Kimoja kimo ndani ya mkweo."

"Rudia. Taratibu."

Jasmeet akarudia. Kwa miezi mitatu Magdalena hakuwa amesikia neno tamu kama lile, na aliona haya kulifurahia, maana Eunike alikuwa kitandani pale anatetemeka.

Jioni hiyo Eunike alilazwa hospitali nyingine, kubwa zaidi. Kesho yake upasuaji ulichukua saa nne. Kitambaa kilitoka kikinuka, pamoja na kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshikamana nacho na kuoza. Daktari alipotoka kusema mgonjwa yu hai, Basili alipiga magoti palepale koridoni.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa. Inuka, kanunue chungu."

Baada ya mwezi, Jumapili, Daktari Elisaria alipanda Machame na wazee wawili, mkononi ameshika jani la isale. Ukilipokea jani hilo umesamehe, na kulikataa ni jambo ambalo Mchagga halifanyi. Magdalena hakulikataa. Alificha tu mikono chini ya khanga, mbele ya watu wote waliotoka kanisani.

"Kwanza tuzungumze. Daftari lenu la siku ile linasemaje?"

"Vitambaa kumi viliingia, kumi vikatoka."

"Na hiki cha kumi na moja kilizaliwa humo?"

Watu wakacheka. Elisaria hakucheka.

"Tulifungua pakiti nyingine, haikuandikwa. Muuguzi wa kuhesabu aliitwa chumba kingine. Tukaandika kumi bila kuhesabu."

"Na mlaso?"

"Mlaso hauhusiki."

"Walio mgombani hawajasikia."

Elisaria akapaza sauti. "Mlaso hauhusiki. Mama huyu hana kosa. Kosa ni letu, na mimi nilimsingizia."

Basili aliyaandika yote, Elisaria akatia saini, wazee wakashuhudia. Hapo ndipo Magdalena alipotoa mikono akapokea jani. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Wanawake wa benchi walikuja mmoja mmoja kumshika mkono, naye akawaacha wasimame kidogo kabla ya kuutoa. Eunike, aliyekaa juani na mtoto, alicheka huku ameshika mshono.

Kitambaa kile kiliwagharimu ng'ombe wawili wa maziwa na msimu mmoja wa kahawa iliyopukutika bila mchumaji. Eunike alipoteza miezi saba, na utumbo wa urefu wa kiwiko hadi vidole. Ziwa lake lilikauka mtoto akiwa na miezi minne. Na madaktari walisema usaha ulikuwa umeharibu kizazi, tumbo lile halitabeba mimba tena, kwa hiyo mtoto ni huyo mmoja.