Kipandauso cha Sajini Niskanen

Theluji ilikuwa imeanguka mfululizo, na asubuhi hiyo jua likaipiga bila huruma, mji mzima wa Duluth ukawa kama umezamishwa kwenye maziwa. Linnea alishika usukani. Babake, Arvo Niskanen, aliketi pembeni na miwani ya jua juu ya miwani ya jua, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Aliona kama hawaendi popote, wanaelea tu. Pembeni mwa jicho lake la kushoto kulikuwa na cheche ndogo inayocheza peke yake. Aliijua vizuri. Ilianza kumtembelea kule Iraki, siku bomu la barabarani liliponyanyua gari lao la deraya na kulirudisha chini taratibu, taratibu mno, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Imeanza, Baba?" Linnea aliuliza.

"Bado," akasema Arvo. Mwongo mkubwa.

Siku hiyo rufaa yake ya fidia ya ulemavu ilikuwa inasikilizwa. Serikali ya Marekani ilishakubali kwamba kichwa chake kiliumia vitani. Ilichokataa kuamini ni kwamba kipandauso kinamwangusha chini na kumfanya asifae kwa kazi yoyote. Kiwanda cha mbao kilishamwachisha kazi, nyumba nayo ilikuwa inamponyoka, na akishindwa leo, basi tena.

Na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Daktari wa serikali alipomuuliza anajisikiaje, Arvo alikaza mgongo akajibu kama alivyojibu miaka yote ya jeshi: "Niko fiti, daktari." Daktari naye akaandika kwamba yuko fiti. Muulize askari aliyekatika mguu, atakuambia kiatu kinambana kidogo. Ni ujinga mtupu, lakini kwao ndiyo adabu.

Darlene Kubiak, mtetezi wa askari wastaafu wa wilaya, aliwapokea mlangoni mwa chumba cha rufaa na kikombe cha kahawa. Zamani alikuwa mpishi kwenye meli ya kivita, na sauti yake ilikuwa bado inapigana na masufuria.

"Sajini, nisikilize. Ukisema 'niko fiti' humu ndani, nakumwagia hii kahawa."

"Nimekuelewa, mama."

"Jaji akikuuliza unaendeleaje?"

"Nitamwambia... si vibaya sana."

"Mungu wangu! Huyu mtu ataniua." Darlene akamgeukia Linnea. "Mama yako alishaondoka, na wenzake wa jeshi wametawanyika. Aliyewahi kumwona akiwa chini ni wewe peke yako. Utasema?"

"Hajui lolote huyu," Arvo akadakia. "Alikuwa mtoto. Atasubiri nje."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini hivyo. Kila kichwa kilipoanza, alikuwa akimwambia mtoto, "Baba anaenda doria," kisha anajifungia bafuni, anaziba upenyo wa mlango kwa taulo na kulala ndani ya beseni kavu la kuogea. Humo alizama. Mistari ya mwanga ilipita mbele yake ikijikunjakunja, nusu ya dunia ikaliwa, na maji ndani ya mabomba yakaimba kama kwaya ya mbali. Akitoka huko, mtoto humkuta anatabasamu. Kwa miaka yote hiyo hakuna kitu alichojivunia kama siri hiyo.

"Naingia, Baba," Linnea akasema.

"Nimesema usubiri nje."

"Nimekusikia. Na ninaingia."

Jaji Pettibone alitokea kwenye skrini, yuko Washington, nyuma yake bendera. Kufikia hapo cheche ilikuwa imekua ukuta wa mwanga, na Arvo alimwona jaji nusu uso. Nusu nyingine ilikuwa inameremeta.

"Bwana Niskanen, unaendeleaje leo?"

Mdomo ukajibu wenyewe. "Niko fiti, Mheshimiwa."

Darlene akafumba macho kama mtu aliyesikia harufu ya wali kuungua.

"Hivyo ndivyo jalada linavyosema pia," jaji akasema. "Kuna shahidi?"

Linnea akainua mkono, akaapa.

"Nilikuwa na miaka sita," alianza. "Nilijua hakuna doria ya bafuni. Alikuwa anatapika kwenye ndoo, anakaa gizani mpaka kesho yake. Nilimwekea mfuko wa njegere za barafu mlangoni. Siku nyingine aliniomba nizime taa, na taa ilikuwa imeshazimwa."

"Samahani, binti. Ongeza sauti kidogo, mashine hainasi."

Akarudia.

"Bado. Tafadhali, kwa nguvu."

"Hii ndiyo sauti yangu, Mheshimiwa," Linnea akasema. "Kelele ilikuwa inamuumiza, na mimi nilikua nikiongea kwa kunong'ona nyumbani. Nimejaribu kuipandisha. Hata kazini wananiambia hivyohivyo."

Ndani ya mwanga ule Arvo alihisi kitu kinachouma kuliko kichwa. Hakuwahi kugundua kwamba siri yake ndiyo iliyoifinya sauti ile. Alidhani Mungu amempa mtoto mpole, basi, na alikuwa akimsifia kwa watu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kwenye skrini jaji akasogeza kiti, akaweka sikio karibu na kipaza sauti. "Endelea, binti. Nitakufuata mimi."

Linnea akaendelea mpaka akamaliza. Jaji akarudi nyuma kwenye kiti chake. "Iandikwe kwamba shahidi amesikika," akasema, "na kwamba nimemwamini."

Darlene akambana Arvo kiwiko kwa furaha. Arvo hakugeuka. Alikuwa akimtafuta binti yake katika ile nusu ya dunia iliyobaki.

"Piga kelele, mwanangu," alimwambia. "Hapahapa. Kichwa changu kikipasuka na kipasuke, wewe piga."

Linnea alivuta pumzi, akafungua mdomo kwa upana wake wote, mishipa ya shingo ikamsimama. Darlene, aliyekuwa kiti cha pili tu, ilimbidi ainame ili asikie.