Mtungi wa Saa Ishirini na Nne

Mzee Wakoli aliuweka mtungi juu ya meza ya nesi, akarudi nyuma hatua moja, kama wafugaji wa Endebess walivyokuwa wakirudi nyuma mbele yake.

Miaka ishirini na minane alikuwa mpokea maziwa wa chama cha ushirika. Alitumbukiza kipimio, na aliyeongeza maji akaumbuka papo hapo. "Mwaga!" aliamuru, wala hakubembelezeka. Aliyamwaga hata maziwa ya Nasike, mjane mwenye ng'ombe mmoja, watu wakitazama. Nasike aliokota mkebe wake mtupu, akaenda zake.

Sasa figo zilikuwa zimemgomea. Mara nne kwa siku alijaza maji ya dawa tumboni kwa mpira, kisha akayatoa yamebeba taka za damu. Ila yalibeba na protini. Jelimo, nesi wa kliniki hii ya Kitale, alimwagiza alete yote yaliyotoka mchana na usiku ili akadirie kiasi kinachopotea. Wakoli alikuwa amesikia kwamba wanaopoteza nyingi hupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu huko Bungoma, kila wiki, maisha yao yote. Ng'ombe wake angekamuliwa na nani? Basi maji ya alfajiri, yaliyotoka na povu jingi, aliyamwaga migombani, pengo akaliziba kwa maji ya kisima. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Alifanya hivyo bila kusita, na hilo lilimuudhi njia nzima.

"Yote iko hapa, mzee?" Jelimo aliuliza.

"Yote, sista."

"Sawa. Hii miguu yako imevimba inanisumbua. Nikijua unapoteza kiasi gani, ndio nijue nitakuambia ukule mayai ngapi kwa siku. Si kitu ikipotea lazima irudishwe?"

"Na mashine ya Bungoma?"

"Mashine ya nini sasa? Mimi nataka tu ukule."

Wakoli aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Hakuwahi kumwona mtu akipima ili aongeze. Jelimo alikuwa tayari ameshika bomba la sindano, anafungua kifuniko.

"Sista, mwaga."

"Ati nini?"

"Mwaga hiyo. Nimetia maji."

Jelimo hakumkaripia. Aliyamwaga, akausuuza mtungi, akamrudishia.

"Anza tena kesho asubuhi, mzee."

Wakoli alitoka na mtungi mtupu mkononi. Langoni alisimama, akajaribu kukumbuka Nasike alikuwa na watoto wangapi siku ile. Hakuwahi kumuuliza.