Tangazo la Mlangoni

Binti yangu aliisoma meseji, akanipa simu, akaenda kuvuta begi lake kutoka chini ya kitanda.

Ilikuwa picha yake mwenyewe. Amesimama dirishani, hapa hapa kwangu, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Chini ya picha, mume ambaye binti yangu alimkimbia alikuwa ameandika: "Naona duka la dawa liko mkabala. Vizuri, usije ukaumwa."

Nilichungulia nje. Kibao cha duka la dawa kilionekana vile vile kama kwenye picha.

"Nani amempa, Mama?"

Picha ile ilikuwa kwenye tovuti yake ya ushonaji, katika ukurasa uliofahamika kwa wateja wake wa karibu tu. Mjukuu wangu, binti wa kaka yake, ndiye aliyeitengeneza tovuti hiyo. Nikaanza kuwapitia wateja mmoja mmoja kichwani. Nikamshuku hata yule mama aliyetuletea vitambaa bila kudai chochote, Mungu anisamehe.

Mjukuu alipoingia na kusalimia, shangazi yake hakuitikia.

"Amekuahidi nini?"

"Nani, shangazi?"

"Usijifanye hamnazo."

Mtoto aliitazama ile picha. Akasema labda ni roboti.

"Roboti! Basi nayo imeanza kuvaa magauni?" nikauliza.

Akatueleza polepole, kwa sababu yangu. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni kutwa kucha zikisoma kurasa, ili watu wakitafuta kitu wakipate. Kila tovuti inaweza kuweka tangazo, kama la mlangoni, linaloziambia ziingie wapi na wapi zisiguse. Roboti yenye adabu hulisoma kwanza. Yeye alikuwa ameziandikia zisiuguse ukurasa wa shangazi.

"Basi zimekudharau," binti yangu akasema.

"Ngoja nitafute."

Akatafuta kwa jina la shangazi, kwa rangi ya gauni, kwa kila kilichomjia. Picha haikutokea. Roboti zilisoma, zikageuka, zikaenda zao. Moyoni nilizishukuru, maana nimeona binadamu wengi wasioweza hivyo.

Binti yangu akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Umejimaliza mwenyewe. Roboti zimeheshimu. Wateja wangu hawamjui. Amebaki nani?"

Nami nikamtazama yule mtoto. Akaona nilivyomtazama, machozi yakamlengalenga.

Alifungua lile tangazo kwenye simu yake ili tuone kwamba hadanganyi. Akasoma kwa sauti: "Roboti zote, msiingie hapa: picha za shangazi..."

"Endelea," nikamwambia.

"Bibi, nimelifungua bila nenosiri. Mtu yeyote anaweza kulifungua." Akakaa sakafuni. "Roboti ikisoma hapa, inageuka. Mtu akisoma hapa, anajua pa kwenda. Na ukurasa wenyewe sikuufunga. Nilidhani kuukataza kunatosha."

"Alijuaje tovuti ni yangu? Sikuweka jina."

"Magauni mengine yako wazi pale, shangazi."

Binti yangu aliinamia begi. "Mishono yangu anaijua hata gizani," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Mtoto aliufuta ukurasa wote mbele yetu. Lakini kibao cha duka la dawa kilikwisha kuonekana, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilinifanya nishike pazia.

"Nisamehe, shangazi."

"Vaa viatu. Utanipeleka wewe."

"Wapi?"

"Tutaongea njiani. Mama, usikasirike, ni bora usijue."

Nilimfungia mashine yake ya kushonea kwenye shuka, nikaweka sindano na nyuzi pembeni. Mtoto akaibeba yeye, nzito vile, akakataa kusaidiwa. Niliwasindikiza hadi mlangoni, nikawabusu wote wawili. Kisha nikaingia ndani na kugeukia ukuta kabla sijaona wamekata kulia au kushoto.